Likizo ya Mke wa Dereva

Mwanamke aliyepanga sanduku la mumewe kwa miaka ishirini na sita analipanga hata akiwa amesinzia. Ndivyo alivyofanya Mama Pacha asubuhi ya safari. Walipofika kisiwani wakapewa chumba kinachotazama bahari, sanduku likafunguliwa kitandani, na humo hamkuwa na hata kitambaa kimoja cha kike. La kwake hakulipanga kabisa. Jamani, alikuwa hajawahi kusafiri na mtu huyu hata siku moja!

Na usimcheke peke yake. Baba Pacha, dereva wa lori la masafa marefu, ndiye aliyevunja rekodi. Pale gatini alishika sanduku, akamgeukia mkewe, akampa mkono, akamwambia tuonane Mungu akipenda, akapanda boti. Mabaharia walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzoea punda hapandi farasi. Mtu anayelala nyumbani siku mbili kwa mwezi, kuaga kumemkaa mwilini.

Siku tano hizo walilipiwa na watoto wao pacha, watu wazima sasa wenye kazi zao. Lakini safari ilikuwa na jambo ndani yake. Mwezi ujao Baba Pacha angestaafu, na tajiri wake, mwenye lori, alikuwa amemwomba aongeze miaka mitatu. Baba Pacha akamwachia mkewe aamue, jibu lipelekwe Jumatatu. Mama Pacha alikuwa nalo siku nyingi: arudi nyumbani, basi. Alikuwa amechoka kupika chungu cha mtu mmoja. Amechoka kuwa mjane wa mtu aliye hai. Alitaka tu amwambie vizuri, wakiwa wamekaa pamoja.

Kukaa pamoja ndiko kulikoshindikana. Siku ya kwanza alishuka ufukweni na suruali ya mumewe, ameikunja mpaka magotini, na mhudumu akamwita mzee. Siku ya pili Baba Pacha alisinzia mchangani saa sita mchana akaungua mgongo wote. Mkewe alipompaka mafuta, alibana pumzi kama anayekaguliwa na askari wa barabarani. Siku ya tatu boti ya matembezi ilizima katikati ya maji. Hapo mzee akachangamka! Akavua shati, akaingia kwenye injini na mabaharia, wakapiga soga na kucheka mpaka ikawaka. Kisha akarudi kukaa kando ya mkewe, na maneno yakamkauka.

Mezani alisema chai ni nzuri. Mkewe akakubali kwamba ni nzuri. Usiku alilala kwenye kiti, eti asimbane. Mama Pacha alikuwa na kitanda kizima na upweke mkubwa kuliko ule wa nyumbani, maana wa nyumbani ulikuwa na sababu.

Siku ya nne, saa kumi na moja jioni, Baba Pacha alitoka kunyoosha miguu. Haukupita muda, simu ya mkewe ikaita. Ilikuwa saa yake ya kupiga kila siku, popote alipoegesha gari. Mama Pacha akaenda dirishani. Mumewe alikuwa pale mchangani, hatua thelathini, amempa mgongo.

"Mke wangu, umeshindaje?"

Sauti ile! Akamsimulia ile injini, mabaharia walivyobishana, na jinsi plagi ilivyomuunguza kidole. Akamwambia anakaa macho kitini akisikiliza mkewe anavyopumua, na kwamba hajui mikono yake aiweke wapi. Mama Pacha alicheka huku machozi yanamtoka. Akafungua mlango, akatembea kumwendea, simu sikioni.

Zilipobaki hatua chache Baba Pacha akageuka. Akakata simu, akasimama, akajipangusa mchanga, akamkaribisha kama mtu anayempokea mkwe. Mama Pacha akakaa. Akamuuliza habari ya plagi.

"Ilikuwa chafu tu," alijibu, macho kwenye vidole vya miguu.

Jasho lilimtoka kipajini, na jua lenyewe lilikuwa limeshapoa. Mama Pacha alimwonea huruma, kisha akajionea huruma mwenyewe. Mtu huyu alimpenda, hilo halikuwa na shaka. Alimpenda kwa mbali, na kwa karibu hakuwahi kujifunza. Akasingizia kichwa kinamuuma, akarudi chumbani, akakaa kitandani.

Simu ikaita.

"Nilikuwa nakwambia ile plagi," alisema Baba Pacha, mchangamfu tena.

"Ulikuwa unaniambia."

Akaendelea, akafika mwisho. "Na lile la tajiri, umeamuaje?"

Mama Pacha alimtazama dirishani. Alikuwa anatembea huku na huku, mkono mmoja mfukoni, kijana kabisa.

"Mwambie umekubali," alisema.

Alimsikia akishusha pumzi ndefu. Akamshukuru, akamwita mke wangu, akaanza kumweleza bahari ilivyo, rangi zake na mawimbi yake, kama vile mkewe hayuko hapo kisiwani. Mama Pacha akajilaza upande wake wa kitanda, akamuuliza maji yana baridi au vipi.