Jina Ambalo Pauline Hakuwa Nalo

Nilikuwa nafuma sweta ya mtoto mchana kweupe, mlango nimeutia komeo, kama mtu anayepika pombe haramu ya chang'aa. Ilikuwa mwaka wa 1997, mvua ya El Nino imegeuza njia zote za Tala kuwa tope, na Pauline, mke wa kaka yangu, alikuwa na mimba ya tatu. Watoto wawili wa kwanza tuliwazika kabla hawajaota meno.

Kwetu mimba ya namna hiyo haisemwi, kifo kisije kikasikia. Mama alikataza nguo, akakataza kuhesabu miezi, akakataza hata kumuuliza Pauline kama miguu imevimba. Tuliishi kana kwamba amenenepa tu. Jumapili ya kwanza ya Majilio katekista alituhubiria kwamba huu ni wakati wa kungoja kwa matumaini, nami nikamwona Pauline ameinamisha macho sakafuni. Nilimhurumia mpaka nikakasirika. Kesho yake nikanunua uzi.

Katika kufuma, Mama akanifumania dirishani.

"Kavutha! Unaita nini hapa nyumbani?"

"Naita mtoto, Mama."

Nilipomfungulia alikaa kitandani, akaushika mkono wa sweta, akaupima kwa vidole. Halafu akasema mkono ni mfupi, niongeze.

Mtoto alizaliwa kabla ya Krismasi, wa kiume, mwenye kelele. Siku ya kumpa jina wanawake wa jirani walijaa nyumbani, na kila mmoja alilijua jina lenyewe. Sisi Wakamba, mtoto anayefuata waliokufa humwita Mbiti, yaani fisi, ili kifo kimdharau na kumpita. Mama ndiye aliyepaswa kulitamka. Akampakata mtoto, akasafisha koo.

"Mwaitu, mama, hapana," Pauline alisema. Hadi leo sijui alipata wapi ujasiri wa kumkatiza mama mkwe wake. "Huyu nimemngoja kama mtu. Sitaki aitwe mnyama."

Nilitarajia moto. Mama alimtazama mtoto, kisha akamtazama Pauline.

"Haya. Wewe uko na jina gani?"

Pauline hakuwa na jina. Miezi yote ile hakuthubutu kulifikiria hata moja. Machozi yakamtoka, nami nikalia naye bila aibu.

Mama akamrudishia mtoto, akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Fikiria tu pole pole," alisema. "Tutangoja."

Wanawake waliokuwa wameshainuka wakidhani shughuli imevurugika wakavua viatu tena, na mtu akaenda kuweka chai.