Aliyerudi Ameoga

Alhamisi nyingine tena, Iddi alirudi nyumbani ameoga.

Mbeyu alimwona tangu akiingia uani, naye amekaa barazani na wanawake wa mtaa wakichagua mchele. Mtu aliyetoka alfajiri na pikapu ya nazi, akateremka nazo hadi Diani, akapakua hoteli baada ya hoteli, alistahili kurudi na vumbi la makumbi shingoni na jasho limemchora ramani mgongoni. Huyu alirudi ananukia usafi. Wala si usafi wa sabuni ya nyumbani, ambayo Mbeyu angeitambua hata usingizini. Ilikuwa harufu kali, ya baridi, mithili ya sakafu ya hospitali iliyotoka kupigwa deki, na macho yake yalikuwa mekundu. Akatoa salamu, akaitikiwa kwa mapana, akapita ndani.

"Haya," akasema Fauzia, jirani wa ukuta kwa ukuta, bila kuinua macho kwenye uteo. "Na huko anakooga, nani anamtekea maji?"

Wakacheka. Mbeyu naye akacheka, tena kuwashinda, maana nyumba yake pale Kwale mjini ilijengwa kwa kicheko. Mlango wake haukujua kufungwa. Mwenye shida ya chumvi aliingia, mwenye habari aliingia, asiye na shida wala habari aliingia akaketi. Lakini usiku ule alipokunja shati la mumewe alilishika puani kitambo kirefu.

Wiki mbili baadaye Iddi akatamka lile lililomaliza shaka. Alisema, huku anafunga kamba za viatu ili asimtazame, kwamba amepata nafasi ya kulala Diani siku mbili, yeye na mkewe tu. Msimu wa mvua hoteli zilikuwa tupu, na ile aliyoipelekea nazi miaka yote ilimpa chumba kama takrima. Wangeuona msikiti wa kale, wangeshuka hadi mapango ya Shimoni, kisha wangestarehe hotelini, kwenye bwawa la kuogelea lililojengwa ndani ya nyumba.

"Bwawa ndani ya nyumba," Mbeyu akarudia. "Na bahari iko hatua ngapi?"

"Hatua chache," Iddi akakiri.

Mtaa mzima ulijua maana ya safari ya namna hiyo. Mwanamume akitaka kuongeza mke, kwanza humpa yule wa nyumbani kitu cha kumtuliza moyo. Zamani ilikuwa bangili, au kabati la vyombo. Siku hizi ilikuwa matembezi. Sefu wa machungwa alimpeleka mkewe Malindi, akamlisha kamba wa kukaanga siku tatu, na waliporudi walikuta kitanda cha bibi mdogo kimeshapakwa vanishi. Tena Sefu alilisema jambo lenyewe mezani, baina ya kamba na matunda, na mkewe, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umejaa chakula cha mumewe, alishindwa hata kupiga kelele.

"Wewe nenda," Fauzia akamshauri, akimsaidia kufunga begi. "Kula, lala, jipodoe. Ila usimpe nafasi ya kusema. Akifungua mdomo, utie maneno yako. Mtu hawezi kukuletea mke mwenza kabla hajakwambia. Na kila linalotokea, nitumie sauti."

Basi hiyo ndiyo ikawa silaha ya Mbeyu. Alipanda pikapu iliyosuguliwa hadi ikang'aa, amevaa buibui jipya, na tangu mteremko wa Kwale hadi Ukunda hakunyamaza. Alisema juu ya mvua, juu ya bei ya sukari, juu ya harusi ya binti yao Mwanasha mwezi ujao huko kisiwani Wasini, nani ataalikwa na nani atajialika. Iddi aliendesha kwa mikono miwili, akiitikia "naam" pale ilipobidi.

Kwenye msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini, waliswali adhuhuri. Kuta zile nene za mawe ya matumbawe zilikuwa na ubaridi wa mtungi. Mbeyu alimaliza, akatoka, akavaa viatu, akangoja. Iddi hakutoka. Alipochungulia alimwona bado ameinua mikono, midomo inacheza. Dua ndefu hivyo ya nini? Mtu huomba hivyo anapotaka msaada au anapotanguliza msamaha.

Alipotoka alisimama karibu naye, akasafisha koo. "Mbeyu, kuna neno nataka—"

"Hebu tazama kiatu changu, kimeachia soli! Na nilinunua juzi tu!"

Soli haikuwa na lolote. Iddi aliinama akaitazama kwa makini, akainuka.

Shimoni kulikuwa kwao Mbeyu, na alipofika kwao alichangamka hata akasahau kuogopa. Aliamkiana na nusu ya mji. Mtembezaji, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliwashusha ngazi hadi pangoni, akawaonyesha vyuma vilivyobaki ukutani na kuwaeleza walivyosimulia wazee, kwamba watu walifungwa humo wakisubiri kuvushwa. Mizizi ilining'inia darini. Mbeyu aligusa chuma kimoja kwa ncha ya kidole, akaurudisha mkono.

Lakini walipotoka juani, gati likaonekana kule chini, na ulimi wake ukafunguka wenyewe.

"Basi pale, mwenzangu, unapaona? Pale ndipo nilipomwokota huyu!" Akamshika mtembezaji mkono. "Ndoa yetu haijatimiza mwezi. Nampeleka Wasini kumwamkia nyanya yangu. Mtu wa Mkongani, bahari ameiona kwenye kalenda. Amevaa kanzu nyeupe, ananukia udi. Anainua mguu aingie mashuani, mashua inasogea, huyo! Maji! Anapiga mikono, anapiga kelele, anatoa shahada! Nikaruka na buibui langu, nikamkamata ukosi, nikamsimamisha wima." Hapo Mbeyu alinyamaza, kama alivyonyamaza kila mara aliposimulia, katika harusi, katika hitima, katika kila baraza kwa miaka ishirini na minane. "Maji yamemfika kifuani! Anaiaga dunia, na maji yamemfika kifuani!"

Mtembezaji alicheka hadi akashika ubavu. Iddi naye akacheka, kama alivyocheka siku zote, kwa meno peke yake.

"Mbeyu," akasema walipobaki wawili, "lile neno—"

"Twende, twende, mvua hiyo inakuja."

Hoteli ilikuwa jumba refu lenye paa la kioo katikati, na chini ya kioo, mchanga uliomwagwa sakafuni na minazi ya plastiki iliyobeba madafu yasiyoiva milele. Sauti ya mawimbi ilitoka kwenye spika. Mbeyu aliutazama mnazi mmoja, akamtazama mumewe muuza nazi, na kama si yale yaliyokuwa moyoni mwake angecheka hadi alie.

"Mzee Iddi, karibu tena!" akasema binti wa mapokezi, aliyevaa kibati chenye jina la Faith. "Leo hukuja na nazi?"

"Leo nimekuja na mwenyewe," Iddi akajibu, akamwelekeza Mbeyu.

Kufikia hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya uliingia kwa mlango wa pembeni, umevaa fulana ya kubana na kaptura, nywele zimelowa, filimbi imening'inia kifuani. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mabega yamesimama.

"Mzee wangu!" akaita. "Kesho mapema, ee? Usinikimbie!"

Iddi akainua kiganja haraka, kidogo tu, usawa wa kiuno, kama anyamazishaye mtoto mbele ya wageni. Yule mwanamke akatazama buibui, akaelewa, akapita.

Mbeyu alikiona kile kiganja. Alikiona alipokula, wala hakujua alikula nini. Alikiona alipolala mgongo kwa mgongo kwenye kitanda kipana kuliko sebule yake. Alimtumia Fauzia sauti akiwa chooni, mfereji amefungulia: "Nimemwona. Ana filimbi."

"Filimbi?" Fauzia akajibu. "Ya nini?"

Asubuhi, baada ya swala, Iddi akasema anashuka kunyoosha miguu. Mbeyu akamwacha atangulie. Kisha akajifunga buibui kama anayekwenda barazani kwa kadhi, akateremka. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyapanga usiku kucha, ya kumtoa yule mwanamke jasho na ya kumtoa Iddi machozi. Mwisho wa ujia, harufu ikamsimamisha.

Ile harufu. Kali, ya baridi, ya sakafu ya hospitali. Haikutoka chumbani mwa mtu. Ilitoka mbele, kwenye maji.

Mwanamke wa filimbi alikuwa akitembea ukingoni mwa bwawa, taratibu, kama mtu anayefuata kitoto kinachojifunza kwenda. Na ndani ya maji, amevaa kaptura ya maua iliyomfika magotini, alikuwamo Iddi.

"Pumua, mzee! Usipigane nayo! Yaache yakubebe!"

Iddi aliachia chuma cha ukutani. Alikuja akirusha mikono, shingo imenyooka kama ya kobe, mashavu yamevimba, maji yakiruka kila upande. Hakuna kiumbe aliyewahi kuogelea vibaya namna ile. Lakini alikuja. Alivuka kutoka ukuta hadi ukuta, akashika ukingo, akafuta uso, na alipofumbua macho yale mekundu aliona ncha za viatu vya mkewe.

Spika ikaendelea na mawimbi yake.

"Shikamoo, mama," akasema yule mwanamke. "Mimi Sidi. Nafundisha hapa. Ni wewe uliyemtoa majini Shimoni?"

Mdomo wa Mbeyu ukafunguka wenyewe, kwa mazoea. Basi pale, mwenzangu. Kisha akaona kwamba Sidi hakuwa anangoja kucheka.

"Marahaba," akajibu. "Alikuhadithia?"

"Alianza. Siku ya kwanza, nilipomuuliza mbona ananishika mkono hivyo. Hakufika mwisho." Sidi akaitazama filimbi yake. "Nitaleta taulo," akasema, akaondoka.

Mbeyu aliketi ukingoni. Pindo la buibui likaingia majini.

"Umesema una neno," akamwambia mumewe. "Haya, liseme."

Iddi alibaki ndani ya maji, viganja vyote viwili ukingoni.

"Ile hadithi," akasema. "Nataka uiache."

"Hadithi gani?"

"Unaijua." Alingoja pumzi irudi. "Wewe huwa unasema maji yalinifika kifuani. Ni kweli. Lakini mimi sikulijua hilo, Mbeyu. Miguu yangu haikuona chini. Nilikufa pale. Nilimtaja mama yangu, nikatoa shahada ya kweli, si ya mchezo. Kisha nikafumbua macho nikawakuta mnacheka."

"Na wewe ulicheka."

"Ningefanya nini? Nilikuwa bwana harusi." Akafuta maji kidevuni. "Mwezi ujao tunavuka kwenda Wasini. Wakwe wote watakuwapo, nawe utaombwa usimulie, maana husimulia vizuri. Nataka nivuke kama watu wengine. Na tukifika, nisikae nikisubiri ufike pale pa kifuani."

"Mbona hukuniambia nyumbani?"

"Nyumbani wapi?" Hakusema kwa ukali. "Nimetafuta pembe isiyo na mtu mle ndani tangu Mwanasha hajazaliwa."

Mbeyu alikumbuka vicheko vile vyote, baraza baada ya baraza. Katika kila kimoja alijaribu kuuona uso wa Iddi, na hakuuona, kwa kuwa kila mara alikuwa akiwatazama wasikilizaji.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa, akaishika sikioni. Sauti ya Fauzia ilikuja na kelele za watu nyuma yake, na mlio wa vikombe. "Mwenzangu, tumejaa hapa kwako, mlango tumejifungulia. Chai iko jikoni. Amesema? Ni huyo wa filimbi? Toa habari, tunangoja!"

Iddi alikuwa ameshageuka, akaukabili ule ukuta wa mbali. Kaptura ya maua ilivimba majini kama mwavuli.

Mbeyu alibonyeza kidole pale pa sauti. Habari alikuwa nayo. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa na habari tamu kama hii: mzee wa Mkongani, mnazi wa plastiki, shingo ya kobe, na yeye mwenyewe na buibui lake akishuka kupigania mume na mwalimu wa kuogelea. Aliusikia mwanzo wake. Alijua hasa pa kunyamaza. Aliwasikia kina Fauzia wakianguka mmoja juu ya mwingine.

Kidole kikakaa pale. Simu ikarekodi mawimbi ya spika, kisha pumzi yake.

"Tumeamka salama," akasema mwishowe. "Chai ya huku ina maziwa mengi."

Jibu halikuchelewa. "Mbeyu," Fauzia akasema, na safari hii nyuma yake palikuwa kimya, baraza nzima imetega sikio. "Wewe unanificha jambo."

Aliigeuza simu, uso chini, juu ya vigae. Ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Iddi alikuwa ameachia chuma, naye anakaribia katikati, pale maji yanapobadilika rangi, na Mbeyu, aliyeogelea tangu kabla ya kuota meno ya pili, alijikuta amevua viatu, amekaa tayari, ameziba mdomo kwa kiganja, akimhesabia pumzi.