Kikao cha Mpaka Safi

Mlinzi wa geti alichukua rungu la Supeet, akaliegemeza ukutani karibu na fagio. Ndani, binti wa mapokezi alimvika kadi ya shingoni: SUPEET, ENGUSEROSAMBU, MNUFAIKA. Supeet alilisoma neno la mwisho taratibu, akauliza amenufaika na nini.

"Ndivyo wanavyoandika, mzee. Chai iko kule."

Hakutaka chai. Alitaka kujua shauri litaanza saa ngapi.

Wiki mbili zilizopita ng'ombe wake tisa walikamatwa wakirudi kutoka malisho ya upande wa Kenya. Kibali kilikuwa na muhuri wa pande zote mbili, lakini Silvanus, mkuu wa kizuizi cha mifugo, alitaka chochote, na Supeet alipokataa, ng'ombe wakaingizwa kwenye zizi la serikali. Habari zikamfikia Dickson, kijana wa mradi wa kupambana na rushwa mpakani. Alikuja na kinasa sauti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Njoo Karatu, mzee wangu," alisema. "Useme hayo hayo mbele ya wakubwa wa nchi zote mbili. Hata huyo Silvanus atakuwepo."

Kwa Supeet hilo lilitosha. Kwao, mlalamikaji na mlalamikiwa wakiitwa mbele ya watu, hakuna anayeinuka mpaka shauri likatwe. Kwa hiyo tangazo lilipobandikwa zizini kwamba mwenye ng'ombe afike mwenyewe siku hiyohiyo ya kikao, kabla ya saa sita, la sivyo watauzwa, alimwacha mkewe Nalangu pale na kupanda basi. Hakuona sababu ya kumbembeleza karani wa zizi wakati bosi wake anakwenda kuhukumiwa.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa umefunguliwa upande wa bustani. Mbele palikuwa na bango lenye bendera tatu: ya Tanzania, ya Kenya, na ya nchi iliyotoa fedha. Mama mmoja wa nchi hiyo alieleza, huku akitafsiriwa, kwamba fedha hizo ni kodi za wananchi wa kwao, nao wanataka kuona mabadiliko. Kando yake alikaa Silvanus. Kadi yake iliandikwa MJUMBE WA KAMATI, kwa sababu mradi ulihitaji mshirika wa serikali mpakani, na mpakani mshirika alikuwa yeye.

Supeet alipoitwa hakuzunguka. "Aliyezuia ng'ombe wangu ni huyu hapa."

Dickson aliwahi kipaza sauti. "Mzee, hapa hatutaji majina. Tunajadili mfumo."

"Mfumo sikuuona kizuizini. Nilimwona huyu."

Watu wakacheka. Silvanus naye akacheka, kisha akaomba nafasi.

"Mzee ana haki ya kulalamika. Lakini utaratibu upo. Leo ndiyo siku yake ya mwisho kufika zizini, na tangazo alilisoma. Sasa nashangaa kumkuta Karatu."

Cheko la safari hii lilikuwa kubwa zaidi. Supeet alitoka hadi bustanini, akang'oa konzi ya nyasi mbichi, akarudi akaishika mbele ya Silvanus. Katika Umasai wote, aliyeonyeshwa nyasi huacha ugomvi. Silvanus alikuwa amefanya kazi Loliondo miaka mingi; alijua. Alisimama, akazipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea, baba."

Ukumbi ulipiga makofi. Mama wa bendera ya tatu alifuta macho.

"Basi piga simu zizini," Supeet alisema.

"Napiga sasa hivi. Wewe kaa, tusiwavurugie wenzetu ratiba."

Na kweli, Silvanus alitoka na simu sikioni. Supeet alimtazama kupitia kioo mpaka alipomaliza, akaketi ametulia, akasikiliza mada ya uwazi iliyotolewa na mgeni kutoka Narok.

Saa sita ilikuwa bado Nalangu alipompigia. Supeet alitoka barazani.

"Baba Naeku, wameuza wote. Lori limeondoka."

"Muda haujafika."

"Nimewaambia. Karani alipigiwa simu. Akasema mwenye ng'ombe yuko Karatu, leo hawezi kufika, hakuna haja ya kungoja. Ulimwambia nani kwamba uko huko?"

Supeet alishika simu mpaka ikakatika.

Dickson alimkuta pale pale, akamsikiliza, uso ukamshuka. "Pole sana, mzee wangu. Nakuahidi hii itaingia kwenye ripoti. Awamu ya pili ya fedha inategemea visa kama hivi. Ila kuna jambo moja dogo. Mpiga picha alikuwa hajawasha kamera wakati ule wa nyasi. Wafadhili wameomba mrudie, pale kwenye mwanga."

Silvanus alikuwa ameshasimama bustanini, mgongo kwa bango lililohamishiwa nje, mikono miwili mbele. Supeet akapelekwa mbele yake. Nyasi zilikuwa miguuni pake, zimekatwa sawasawa kwa mashine.

"Haya, mzee," alisema mpiga picha.

Supeet aliingiza mikono ndani ya shuka, akamtazama Silvanus usoni. Silvanus aliendelea kutabasamu, mikono yake ikiwa mitupu hewani. Kamera ikalia mara kadhaa.

Dickson aliinama kuangalia picha.

"Hata hii inafaa," alisema. "Inaonyesha majadiliano."