Tairi Lililojazwa Nyasi

Mshonaji alikuwa hajamsemesha wifi yake mwaka mzima na miezi miwili, na wifi naye alikuwa amenuna vilevile, tena kwa bidii ya mtu anayelipwa mshahara. Kisa chenyewe kilikuwa gauni. Mshonaji alimshonea wifi gauni la kijani la kwendea harusini, na palepale ukumbini, wifi alipoinama kuokota kijiko, mshono wa mgongoni ukaachia kutoka shingoni hadi kiunoni. Alirudi nyumbani amejitanda kitambaa cha meza. Akasema uzi ulikuwa mbovu. Mshonaji akasema uzi haukuwa na kosa, aliyenenepa anajijua.

Tangu hapo wakawa wanazungumza kupitia mtu wa tatu. "Mume wangu, mwambie dada yako chai iko mezani." "Kaka, mwambie mkeo nimeshiba." Maskini yule bwana, mume wa mmoja na kaka wa mwingine, akawa tarishi ndani ya nyumba yake mwenyewe, anapeleka ujumbe umbali wa hatua mbili.

Siku ya kuagwa kazini kwa mama mzazi wa wifi na kaka yake, bwana huyo alikuwa safarini. Mama alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na tisa, na saa tisa alasiri walimu na wanafunzi walikuwa wamuage. Gauni la sherehe alilishona mkwewe. Pikipiki alikuwa nayo bintiye, ambaye ni daktari wa mifugo na huzunguka nayo kutibu ng'ombe. Mama akampigia simu kila mmoja na kumwambia maneno yaleyale: "Mje pamoja. Bila gauni sitoki jikoni, na bila nyinyi wawili silivai."

Basi wakaondoka. Mshonaji alikaa nyuma, kifurushi cha gauni kifuani, na kati yake na mgongo wa wifi debe zima lingepita. Walikuwa wamefika katikati ya njia, pahali pasipo na nyumba wala duka, pikipiki ilipoanza kutikisa makalio kama bata. Wifi akasimamisha. Tairi la nyuma lilikuwa chapati.

Mshonaji akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Akakohoa.

"Pikipiki," alisema, "hebu muulize mwenye funguo zako kama ana vifaa."

Wifi alikaza uso. "Pikipiki, mjibu abiria wako kwamba mimi sisafiri mikono mitupu."

Akaisimamisha kwa stendi kubwa, akafungua kisanduku, akatoa vyuma viwili bapa vya kubandulia tairi, pampu ya mkono, kipande cha msasa, viraka na kijitubu cha gundi. Mshonaji alilizungusha gurudumu polepole, macho yake ya kutungia uzi yakikagua kila mfuo wa mpira, mpaka akaona kitu kinang'aa. Akakichomoa kwa kucha. Ilikuwa sindano nene ya kudungia ng'ombe, imevunjika shina.

Akainyanyua juu ili jua liione vizuri. "Pikipiki! Muulize daktari, hii nayo ni sindano yangu ya kushonea gauni?"

Wifi alimpokonya sindano, akaitupia kisandukuni.

Ikabidi akazane na kazi. Akachomeka chuma kimoja kati ya tairi na ringi, akabandua ukingo, akachomeka cha pili, na kile cha kwanza kikaanza kuponyoka.

"Wifi, shika!" alipiga kelele.

"Nimeshika, wifi!"

Wakatazamana, kila mmoja na chuma chake mkononi, kama watu waliokutwa wanaiba. Hakuna aliyejua namna ya kulirudisha neno lile mdomoni.

"Shika hivyohivyo," wifi alisema kwa sauti ya chini.

Wakautoa mpira wa ndani. Tundu lilipatikana upesi: mshonaji aliupitisha karibu na mdomo huku mwenzake akipiga pampu, na upepo ukamchezea midomo. Wifi akasugua msasa, akachukua gundi, akaiminya. Haikutoka kitu. Akaiminya kwa meno. Gundi ilikuwa imekauka, ngumu kama jiwe.

"Haya," wifi alisema, akaketi chini. "Sasa sema unachotaka kusema."

"Niseme nini?"

"Kwamba mimi ni mzembe. Sindano yangu, gundi yangu."

"Na mwili wako," mshonaji alisema, maana mwaka na miezi miwili ni mingi. "Ulinipa kipimo gani cha kiuno?"

Wifi alikwangua kucha. "Cha kabla sijazaa."

"Mtoto ana miaka sita!"

"Nilidhani nitapungua kabla ya harusi! Na wewe uzi je?"

Mshonaji aligeuka upande. "Uzi ulikuwa wa tangu nilipoanza kazi. Wa kijani ulikuwa huohuo tu. Niliona uvivu kwenda kununua mwingine."

Kicheko kilianza kwa nani, hawakubaliani hadi leo. Wifi alicheka mpaka akalala chali barabarani. Mshonaji alishika mbavu, akamkumbuka na kile kitambaa cha meza chenye mchuzi, akacheka upya.

Saa nane ikawakuta hapo. "Mama hatatoka jikoni," wifi alisema, akijifuta machozi. "Namjua."

Mshonaji alikuwa analitazama lile tairi tupu. Kabla ya cherehani, alianza kazi kwa kujaza magodoro. "Leta nyasi," alisema. "Kavu, ndefu. Unazijua nyasi wewe kuliko mimi."

Wifi akakata, mshonaji akashindilia. Alizisokota vifungu, akavisukuma ndani kwa mpini wa pampu, kona kwa kona, akigonga kwa ngumi kusikiliza penye uwazi. Tairi likanenepa. Wakarudisha ukingo kwenye ringi, safari hii bila pikipiki kuambiwa chochote.

Walikwenda mwendo wa konokono, nyasi zikichungulia pembeni, na mshonaji amemkumbatia wifi kiunoni kwa hofu ya kuanguka. Saa tisa na robo waliingia shuleni, ndama watatu wakiwafuata nyuma kwa matumaini. Mama alikuwa amekaa jikoni juu ya sufuria iliyofunikwa, mikono kifuani, mwalimu mkuu akimbembeleza mlangoni. Alipowaona wamejaa vumbi, wote wawili kwa mpigo wakijieleza na kukatana maneno, akanyanyuka, akanyoosha mkono kupokea gauni.

"Mmeanza tena kupiga kelele," alisema. "Afadhali."

Kesho yake waliikokota pikipiki mpaka kwa fundi wa pancha. Fundi akafungua tairi, akavuta nyasi, akavuta tena, rundo likafika magotini. Akauliza nani aliyelijaza vizuri namna ile.

"Mimi," alisema mshonaji.

"Nyasi nilichagua mimi," alisema wifi. "Angekata yeye, tungepanda majani mabichi."

"Na wewe ungejaza, tungepanda nundu!"

Fundi akaenda kutafuta tairi jipya. Aliporudi walikuwa bado wanabishana.