Jumatano ya Kufungua Gari

Nilikuwa chini ya gari, grisi imenifika viwikoni, niliposikia baiskeli ikitupwa uani.

"Dereva yuko wapi?"

Nikajiburuta nikatoka. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, shati limemganda mgongoni, vumbi jekundu limempaka hadi kope. Akaitazama rejeta niliyoiegemeza ukutani, kisha tundu lililobaki mbele ya injini, kisha mimi. Hakuhitaji kuambiwa.

Aliitwa Crispus, mtu wa Marungu. Mkewe, Wakio, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake alfajiri, na mkunga wa kijijini alikuwa ameshindwa. Ilikuwa Jumatano moja ya mwaka wa hamsini na sita, na gari pekee la zahanati yetu pale Voi lilikuwa vipande vipande kwa uamuzi wangu mwenyewe, mimi Mbuvi.

Lilikuwa gari kuukuu, masalio ya vita vya Wazungu, na kwa mwezi mzima lilikuwa likinisemesha. Beringi ya pampu ya maji ililia kila nilipokanyaga mafuta. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umevimba na kulegea kama shavu la mgonjwa wa jino. Sikuweza kupanda hadi Mwatate bila kusimama kuongeza maji. Majuma mawili nyuma lilichemka njiani nikiwa nimembeba bibi mwenye kichomi, tukakaa juani kusubiri lipoe, nikimpepea kwa kofia yangu. Alipona yule bibi. Mimi sikupona.

Vipuri vilikuwa vimeshafika kwa treni kutoka Mombasa. Kilichokosekana ni siku. Sista Loise, mzaliwa wa Werugha aliyesimamia zahanati, kila nilipomwomba alinijibu, "Kesho kuna mtu, Mbuvi." Na kweli, kesho ilikuja na mtu wake. Mwishowe, jioni moja, aliketi kwenye ngazi, akavua viatu, akasema bila kuniangalia:

"Chagua wewe. Mimi nimechoka kuchagua."

Nikachagua Jumatano. Jumanne ilikuwa siku ya kliniki, Alhamisi siku ya soko. Sikuwa na sababu nyingine.

"Rudisha ile ya zamani twende," Crispus alisema.

Haikuwezekana. Pampu ya zamani ilikuwa imeshikana kwa kutu, asubuhi nikaing'oa kwa nyundo, ikavunjika. Nilimwambia kazi iliyobaki ni ya masaa matatu. Akakaa chini, akainuka, akakaa tena. Kisha akashika spana niliyomwonyesha. Sista Loise alikwenda mjini kuomba gari lolote lililokuwepo. Malori ya mkonge yalikuwa yametoka yote. Alirudi anatikisa kichwa, akatukuta tunafunga mpira wa mwisho, akapanda na mkoba wake.

Gari lilikwenda siku ile kama ambavyo halikuwahi kwenda. Mshale wa joto ulisimama katikati, haukutikisika hata kwenye mchanga mzito. Niliutazama, nikauchukia.

Tuliwakuta njiani. Wanaume wanne walikuwa wamembeba Wakio juu ya kitanda cha kamba, wakienda mwendo wa watu waliokwisha kuacha kuzungumza. Sista Loise akaingia naye nyuma, Crispus akakaa kando yangu. Kabla hatujafika reli, mtoto alizaliwa. Hatukusikia kilio. Niliendelea kuendesha kwa sababu hakuna aliyeniambia nisimame.

Wakio aliishi.

Tangu hapo nimewasimulia mafundi wengi. Mmoja, Mutiso, aliniapia kwamba pampu ile isingeona hata nusu ya njia, kwamba wangekufa wote wawili porini. Mwingine alicheka, akasema beringi ya namna ile huweza kulia mwaka mzima. Nimewaamini wote wawili, kwa zamu.

Asubuhi iliyofuata nilipokwenda kuosha gari, nilimkuta Crispus ameshajaza ndoo. Alikuwa amekesha nje ya wodi. Hatukusalimiana sana. Yeye alishika brashi, mimi kitambaa, tukaanza na sakafu ya nyuma, pale damu ilipokuwa imeingia kwenye nyufa za mbao.

"Lingefika?" aliuliza, kichwa chini. "Juzi, kabla hujalifungua. Lingefika kwetu?"

"Sijui, ndugu yangu."

Akaitikia polepole. Akaendelea kusugua mahali palipokwisha kutakata, nami nikamwacha.

Jua lilipopanda nikamwambia aingie nimpeleke Marungu, akawape wazee habari. Akalitazama gari, bado likichuruzika maji.

"Liache hapa," akasema. "Anaweza kuja mtu."

Akaiinua baiskeli yake, akaikung'uta vumbi, akaisukuma hadi barabarani, akapanda.