Spika Juu ya Kabati

Lori lilikuwa limeshapita mizani nilipoanza kujisifu. Nilimwambia dereva kwamba uzee ni maneno ya watu: asubuhi ile dada aliniletea amplifaya yangu mlangoni, imefungwa blanketi, nami nikainyanyua kwa mkono mmoja. Siku zote naibeba kwa miwili, tena kwa kuguna. Nilidhani ni furaha ya kuondoka.

Dereva tulimwita Haraka, kwa kuwa hakuwahi kumpita mtu ila aliyeegesha. "Mzee, miguu yako ina pilipili," akasema. "Kwa dada yako godoro lilikuwa limeanza kukuzoea."

"Ndiyo maana naondoka."

Nilikuwa naenda kushika gitaa la pili katika bendi ya hoteli. Kiongozi wao alinionya: nikikosa Jumamosi, anampa mwingine. Kwa umri wangu hakukuwa na bendi nyingine ya kungoja.

Tuliposimama kwa fundi wa matairi, Haraka akataka kuisikia amplifaya. Ni ya zamani, ya transista, ya kufanyia mazoezi chumbani, kimo chake kama kigoda. Haina zile taa za kioo za mashine za kale, zinazongoja kupata moto kabla ya kutoa sauti. Ukiwasha inagonga dup, inavuma kidogo, iko tayari. Sauti yake ni kavu, ya karibu, na ukiongeza inakwaruza kama mtu anayesafisha koo kabla ya kukwambia ukweli. Mkwaruzo huo ni kazi ya dada. Karatasi ya spika ilipochanika, yeye, fundi cherehani, aliiziba kwa kipande cha bitana na gundi.

Nikachomeka waya. Taa nyekundu ikawaka, dup haikuja. Nikapiga nyuzi; zikalia zenyewe tu, nyembamba kama mbu.

Nikaazima bisibisi, nikafungua mgongo. Palipokuwa spika palikuwa na sweta langu, limekunjwa vizuri, na nyaya mbili zimefungwa vitambaa kwenye ncha zisigusane.

"Umeibiwa," fundi wa matairi akasema.

"Mwizi gani anakukunjia sweta?" Haraka akamjibu, kisha akanigeukia. "Huko hotelini hawana spika?"

"Wanazo."

"Sasa?"

Nikatembea kutoka kwenye mashine ya upepo hadi kwenye lori, nikarudi, nikaenda tena, mpaka fundi akaniomba niketi maana namchosha. Sikuketi. Nilishusha mzigo wangu, nikavuka barabara kungoja gari la kurudi.

Dada nilimkuta kwenye cherehani. Mguu wake haukuacha pedali.

"Umesahau nini, mdogo wangu?"

"Spika, dada."

"Ipo juu ya kabati. Usiiguse karatasi na vidole hivyo vya mafuta."

"Ungeniambia tu nibaki."

"Nimekwambia tangu nywele zako zingali nyeusi. Unabaki, halafu unaizunguka meza hadi nakosea mshono. Nenda ukazunguke huko nje. Ila pawe na kitu cha kukurudisha." Akakata uzi kwa meno. "Mara ya mwisho ulirudi shemeji yako ameshazikwa. Mimi sitaki kukungojea kulekule."

Nikafunga skrubu nne, nikawasha. Dup. Nikapiga wimbo wa taratibu, na cherehani ikapunguza mwendo.

"Ongeza," dada akasema. "Haijakwaruza bado."

Jumamosi ilinikuta hapo. Nafasi yangu alipewa kijana mmoja, baadaye hoteli ikauzwa na bendi ikavunjika. Haraka ameacha kuendesha, anafuga kuku. Pale kwa fundi wa matairi pamejengwa duka. Bisibisi yake ninayo mimi. Dada macho yamepungua, anashona kwa kupapasa. Mimi bado natoka, na gitaa tu. Kabla ya kwenda naifungua spika mwenyewe, naiweka juu ya kabati, na skrubu zake kwenye kikombe kilichovunjika mkono.