Ngozi ya Mvukuto

Mgeni aliingia kanisani Arua akanikuta nikipuliza vumbi kwenye bomba la kinanda.

"Fundi, mimi naitwa Wahabu, natoka Koboko. Baba yangu, Asuman, alikuwa anasukuma mvukuto ya hii kinanda zamani. Sisi ni Waislamu, lakini padri alipenda mikono yake. Kesho anatoka hospitali, saa tano tunapita hapa. Anataka kusikia mara moja tu. Itawezekana?"

"Itawezekana," nilimjibu. Nilikuwa nimejifunza kazi ya kutengeneza vinanda peke yangu tangu nimalize chuo, na sauti za mabomba zilikuwa karibu kulingana zote.

Jioni ngozi ya mvukuto, ule mfuko unaosukuma upepo kwenye mabomba, ikapasuka, upepo wote ukatoka. Ngozi za mbuzi sokoni zilikuwa ngumu kama ubao. Ngozi laini pekee niliyokuwa nayo ilikuwa ya viatu vyangu vya mahafali. Mama ndiye aliyeninunulia, na nilipanga kuvivaa Jumatatu kwenye usaili wa kazi. Nikakata kimoja, nikabandika kipande chake kwa gundi.

Kesho yake saa tano Mzee Asuman aliingia akishikwa mkono na mwanawe. Wahabu akashika mpini wa mvukuto, akasukuma kwa nguvu.

"Polepole! Unaua nyoka?" mzee akafoka. Kisha akapapasa kiraka. "Hii ngozi iko mupya. Umetoa wapi?"

"Kwenye kiatu changu, Mzee."

Akatazama kandambili zangu, akacheka mpaka akakohoa. Akamsogeza mwanawe, akashika mpini mwenyewe.

"Piga, fundi. Upepo iko."

Nikapiga, na kila bomba likaitika.